UZI: Wanafunzi wanataja haki na wajibu kwa pumzi moja, ila hawajui pa kuanzia. Walimu na wazazi wa Nyanda za Juu Kusini tukutane hapa

ChakiNaVumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha Uraia kidato cha pili, shule ya kata, Mbeya vijijini. Mwanafunzi wangu wa kawaida kabisa anakutajia haki tano na wajibu tano wa raia bila kumeza mate: kuishi, elimu, kupiga kura, kutii sheria, kulipa kodi, kulinda mali ya umma. Anapata alama zote. Sasa muulize mkutano mkuu wa kijiji chao unatakiwa kufanyika kila baada ya muda gani. Kimya. Muulize baba yake akiporwa kipande cha shamba anaanzia wapi. Darasa zima: "Polisi!"

Mimi naona tumewafundisha majina ya haki tukawanyima njia yake. Kila haki ina ofisi, ina karatasi, ina siku zake, na ina mtu anayelipwa kukusikiliza hata kama hakupendi. Wajibu nao ni hivyo hivyo, una kiasi na una risiti.

Nilianza kwa kuwapa Katiba yenyewe ya 1977, ya Kiswahili, badala ya muhtasari wa kitabu cha kiada. Ibara ya 12 hadi 24 ni haki, 25 hadi 28 ni wajibu. Nikawaambia wasome polepole, wanyooshe kidole wakikuta jambo la ajabu. Wa kwanza akauliza kodi iko wapi, maana kwenye ibara za wajibu haikuiona. Kweli, kodi haikutajwa pale. Iko Ibara ya 138, na kinachosemwa huko ni kwamba hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge au kwa utaratibu uliowekewa nguvu na sheria ya Bunge. Hapo ndipo mtoto anaelewa kwamba anayekutoza lazima naye aoneshe kitu. Mwingine akagundua elimu imetajwa Ibara ya 11, lakini ibara hiyo iko kwenye sehemu ambayo Ibara ya 7(2) inasema mahakama haina mamlaka ya kuamua juu yake. Niliwaacha wabishane hilo hadi kengele. Hakuna swali la mtihani lililowahi kuwachangamsha namna ile.

Baada ya hapo nikawaletea lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Huku kwetu viazi ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo sare ya shule. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, kila mkulima amelisikia hilo, na kila msimu magunia yanapanda lori yameongezewa kichwa juu kwa kamba. Tukapiga hesabu ubaoni: gunia la kilo 140 likinunuliwa kwa bei ya gunia, kilo 40 zimeenda bure. Kwa magunia 20 umegawa kilo 800. Darasa likapiga mluzi. Nani wa kulalamikiwa? Wakala wa Vipimo wana ofisi mikoani, kazi yao ndiyo hiyo. Nikawarudishia swali: na mkulima anayekubali kufunga lumbesa ili lori lake litangulie, ana wajibu gani kwa jirani yake? Binti mmoja akasema huyo ndiye anayevunja bei ya kijiji kizima, kwa hiyo naye ashitakiwe. Sikukubaliana naye moja kwa moja, lakini alikuwa amefika mahali ambapo orodha ya kukariri haimfikishi mtu.

Uchaguzi wa viranja tumeanza kuufanya kwa kura ya siri. Una kelele zake, nitaueleza mtu akiuliza.

Sasa shida iliyonifanya niandike. Mwanafunzi alinyoosha mkono akauliza: mwalimu, sheria inasemaje kuhusu viboko? Nikamsomea kanuni kama ilivyo. Toka siku hiyo ofisi ya walimu imekuwa baridi kuliko Kitulo ya mwezi wa saba. Mwenzangu mmoja ananiita "Tume ya Haki za Binadamu". Walimu wenzangu, nyie mnafanyaje? Na wazazi, mnataka watoto wenu wafundishwe nini hasa?

---

Mnyalukolo

Kamwene mwalimu. Nakaa hapa kwanza, huu uzi una nyama.

---

MzaziMafinga

Mwalimu, usinichukie, mimi nitasema upande wa pili. Hizi haki zenu zimetuletea watoto jeuri. Wa kwangu yuko kidato cha kwanza, nikimtuma kuchota maji ananiambia "hiyo ni ajira ya watoto". Ajira! Kwa ndoo moja! Zamani tulisoma Siasa darasani, tukaambiwa jenga taifa, tukajenga. Sasa hivi haki mbele, wajibu nyuma kama mkia wa mbuzi. Wafundisheni wajibu mpaka wafike miaka 18, haki watazikuta huko huko ukubwani.

---

ChakiNaVumbi

Mzazi mwenzangu, shikamoo kama umenizidi. Huyo kijana wa ndoo anahitaji kusomewa zaidi, akisomewa kidogo ndiyo anakuwa hivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 ambayo anadhani inamtetea imeandika pia wajibu wa mtoto: kuheshimu wazazi na wakubwa, kushikamana na familia, kuitumikia jamii kadiri ya umri na uwezo wake. Mpe aisome kwa sauti mbele ya mama yake, kisha mpe ndoo.

Ila sheria hiyo hiyo inasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu. Ukimfunga mdomo hadi miaka 18, siku ya kutimiza 18 ataamka na kadi ya mpiga kura bila kuwahi kuulizwa anaonaje kuhusu chochote. Wengi wa kidato changu cha pili watakuwa wapiga kura kwenye uchaguzi ujao wa serikali za mitaa. Mwisho ulikuwa Novemba 2024, hesabu mwenyewe.

---

WakiliKijana

Kwenye viboko niongezee, maana watu wanalumbana bila kusoma. Kanuni zilizopo, za 1979 na zilizorekebishwa 2002, zinasema hivi: viboko visizidi vinne, anayetoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, msichana anachapwa na mwalimu wa kike labda kama hayupo, na kila adhabu inaandikwa kwenye daftari maalumu: jina, kosa, idadi. Hiyo ndiyo sheria ya nchi hadi leo. Upande wa pili kuna Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba, inayokataza kutesa na adhabu za kutweza au kudhalilisha mtu. Kama hivyo viwili vinakaa nyumba moja au la, wanasheria tunabishana.

Lakini kabla ya ubishi mkubwa kuna ubishi mdogo: shule ngapi zina hilo daftari? Mnakumbuka video ya 2016, ya kijana wa sekondari hapa hapa Mbeya akishambuliwa na walimu wa mazoezi ofisini. Nchi nzima ilipiga kelele. Ile haikuhitaji mjadala wa Katiba. Kwa kanuni ya 2002 pekee, kila kilichofanyika mle ndani kilikuwa nje ya sheria. Kwa hiyo mwalimu ChakiNaVumbi kuisoma kanuni darasani hakumnyang'anya mwalimu mwenzake kitu ambacho sheria ilikuwa imempa.

---

MzaziMafinga

Vinne? Sisi tulikula kumi na mbili na tuko hai.

---

WakiliKijana

Na mlichapwa kinyume cha sheria mkuu, pole. 😄

---

TickiNyekundu

Nami ni mwalimu, Iringa mjini. Nitasema ukweli ambao walimu wenzangu hawaupendi. Tatizo la chumba cha walimu si viboko. Mwanafunzi akizoea kuuliza "kanuni inasemaje", kesho atauliza michango ya chakula imekwenda wapi, keshokutwa atauliza kwa nini tunawapeleka shambani kwa mkuu kipindi cha hesabu. Hicho ndicho kinachotia baridi.

Shuleni kwetu serikali ya wanafunzi iliruhusiwa kuomba taarifa ya michango ya uji. Mkuu aliyekuwepo aliwapa, karatasi ikabandikwa ubaoni: kilo za unga, sukari, kuni, bei zake. Unajua kilichotokea? Wanafunzi wakaona kuni zimekula pesa kuliko sukari, wakaja na hoja ya kuchangia kuni kwa zamu kutoka nyumbani. Wajibu ukaja wenyewe, hakuna aliyehubiri. Mwaka uliofuata alikuja mkuu mwingine, karatasi haikubandikwa tena, na kuni zikaacha kuja. Mimi hapo nilimaliza mjadala wangu wa kipi kianze, haki au wajibu.

---

Mnyalukolo

Sasa niseme langu. Mimi si mwalimu, ni mkulima wa mahindi upande wa Isimani. Mnasema mfundishe kwa mifano ya hapa, mbona mnauruka mfano mkubwa kuliko yote? Krismasi ya 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi shambani kwa mkulima Said Mwamwindi, wakati wa harakati za vijiji vya ujamaa. Mwamwindi akashitakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Wazee wetu mpaka leo wakilisimulia wanashusha sauti.

Watoto wa Iringa wanapita barabara ya Isimani kila siku na hawajui. Wafundishwe. Waulizwe: yule mkulima alikuwa na mlango gani wa kupeleka malalamiko ya shamba lake mwaka ule? Mkuu wa mkoa alikuwa na mipaka gani? Na je, kunyimwa mlango kunampa mtu ruhusa ya kuua? Mimi nasema hapana, ila napenda mtoto afike kwenye hapana hiyo kwa miguu yake.

---

WakiliKijana

Mnyalukolo umeleta kitu kizito. Niongeze kipande kimoja cha kisheria: mwaka 1971 Katiba yetu haikuwa na sura ya haki kabisa. Haki hizi mnazowakaririsha watoto ziliingizwa kwa marekebisho ya 1984. Leo kwenye ardhi ya kijiji kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kuna baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Ukishindwa hapo kuna kata, halafu baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Ndiyo jibu la lile darasa lililosema "Polisi!"

Kuna Ibara moja ningeomba kila mwalimu aibandike ukutani, ya 26. Fungu la kwanza: kila mtu ana wajibu wa kutii Katiba na sheria. Hilo mnalifundisha sana. Fungu la pili: kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba na sheria vinalindwa. Hilo wengi mnalikata. Ni ibara moja! Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18. Akashinda 2016, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi Oktoba 2019. Mtu mmoja, na karatasi. Ila muwe wakweli kwa watoto: marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aoneshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Mlango upo, ila ulipunguzwa upana.

---

BintiMakete

Naomba niingie. Nasoma comments tangu asubuhi, wote mnaongelea mashamba na viboko, hakuna aliyetutaja sisi.

Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa, akaja dada mmoja kijijini akasema kuna kazi Dar. Nyote mnajua, mkoa wa Njombe na Iringa ndiko wanakotoka dada wa kazi. Mtu akitafuta binti wa kazi anasema kabisa "nitafutie wa Iringa, wavumilivu". Hiyo sifa mnaisikia kama sifa? Nilikaa nyumba ya kwanza mshahara unatumwa kwa yule dada aliyenipeleka, mimi naambiwa umefika nyumbani. Haukufika. Nilikuwa natamka "haki ya kupata ujira" kwenye mtihani wa Uraia, nikapata. Ibara ya 23, nimekuja kuisoma mtu mzima.

Kile ambacho ningependa mwalimu anifundishe la sita ni vitu vidogo. Kwamba sheria ya ajira ya 2004 inakataza kuajiri mtoto chini ya miaka 14. Kwamba kazi za ndani ni ajira kama ajira nyingine, na amri ya kima cha chini cha mshahara imewataja watumishi wa majumbani. Kwamba mshahara upokee kwa mkono wako au simu yako. Kwamba kabla hujapanda basi Makambako uandike jina la mtaa unakokwenda na namba ya mwenyekiti wa huo mtaa, uiache kwa mama. Kwamba mwenyekiti wa mtaa si wa wenye nyumba peke yao, ni wako pia.

Wajibu hatujawahi kuukataa. Tunaamka saa kumi na moja.

---

MzaziMafinga

Binti yangu, hapa umeniweza. Nina mtoto wa kaka yangu yuko Dar tangu mwaka juzi. Nampigia leo.

---

TickiNyekundu

BintiMakete, naomba ruhusa nitumie maneno yako darasani bila jina. Hiyo ya namba ya mwenyekiti wa mtaa haimo kwenye kitabu chochote.

---

BintiMakete

Tumia mwalimu. Na uwaambie wavulana pia, wale wanaokwenda kupasua mbao na kuchunga ng'ombe za watu.

---

MtendajiWaKijiji

Nimekuwa mtendaji miaka mingi, vijiji tofauti, Rungwe na Mbarali. Mwalimu unasema watoto hawajui mkutano mkuu unafanyika lini. Hata wazazi wao hawajui! Kwa taratibu ni angalau kila miezi mitatu, na mwenyekiti ndiye anayeuongoza. Halmashauri ya kijiji inatakiwa isome mapato na matumizi pale. Mimi nabandika, nasoma, watu hawaji. Ukitangaza mbolea ya ruzuku, uwanja unajaa hadi kwenye miti. Ukitangaza mapato na matumizi unabaki na wajumbe, wazee watatu na mlevi mmoja anayeuliza swali zuri kuliko wote.

Halafu wanapokutana kilabuni: "mtendaji kala hela." Nimekula lini, na wewe hukuja? Msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) wa zahanati unaitwa, wanaume wanatuma watoto. Kwa hiyo fundisheni haki, mimi siogopi, ila muwaambie wajibu wa kwanza wa raia ni kufika.

---

ChakiNaVumbi

Mtendaji, umenigusa kwenye mpango wangu. Nataka wanafunzi wahudhurie mkutano mkuu mmoja, wakae pembeni, wasikilize tu, maana wajumbe ni wakazi wa miaka 18 na kuendelea. Kisha warudi waandike: ajenda ilikuwa nini, nani alisema, wanawake wangapi walizungumza, fedha gani zilisomwa. Na huo msaragambo uliousema ni somo zuri sana, kwa sababu Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti na papo hapo inasema kazi za kawaida za kustawisha jamii hazihesabiwi kuwa shuruti. Mwaka jana nilimwuliza mwanafunzi mpaka wa hivyo viwili uko wapi. Akajibu: "Ukiwa umekubaliwa mkutanoni ni wajibu. Ukiwa umeamuliwa na mtu mmoja usiku, ni shuruti." Nilimpa alama zote ingawa mwongozo wa usahihishaji hauna jibu hilo.

---

Mnyalukolo

Huyo mtoto agombee uenyekiti. Akifika 21 lakini.

---

TickiNyekundu

Mwalimu, uliahidi habari za uchaguzi wa viranja. Na hili la mtaala mpya unalionaje? Huu ulioanza kuingia mashuleni 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Kuna wanaosema Uraia ndiyo unazikwa taratibu.

---

ChakiNaVumbi

Jina la somo halinisumbui sana. Tulikuwa na Siasa, ikaja Uraia baada ya vyama vingi 1992, shule ya msingi ikawa Uraia na Maadili, sasa hili. Kinachonitia wasiwasi ni maadili kugeuka kuwa utii mtupu. Mwenye nidhamu na mwenye woga wanakaa kimya sawasawa darasani, mwalimu asipowauliza swali hatawatofautisha.

Uchaguzi: wagombea kaka mkuu walikuwa watatu. Mmoja aliahidi wali kila Ijumaa. Akashinda kwa kishindo. Wali haukuja, pesa ya wali atoe wapi? Wiki ya sita wapiga kura wake wakataka aondolewe. Nikawaambia leteni katiba ya serikali ya wanafunzi, kifungu gani kinawaruhusu? Hakikuwepo. Wakatumia jioni mbili kukitunga: saini za theluthi moja ya wanafunzi, kisha kikao, kisha kura. Walipomaliza kukusanya saini hazikutosha, kwa sababu kidato cha nne walikataa kusaini, wakasema mwacheni amalize muhula, mlimchagua kwa tamaa. Kijana yupo madarakani mpaka sasa na amekuwa kiranja mzuri tu, anasimamia foleni ya maji kuliko yeyote aliyemtangulia.

Mtendaji, kama bado upo Mbarali au umehamia huku kwetu, nakuomba nafasi kwenye mkutano wako ujao. Nitaleta kidato cha pili, wawili wawili kwa mstari, na madaftari.

---

MtendajiWaKijiji

Nipo huku kwenu. Leta barua ya mkuu wa shule, yenye mhuri, nakala kwa mwenyekiti maana mkutano ni wake si wangu. Wasije na sare za michezo. Na mwalimu, wale watoto wakitaka kunakili mapato na matumizi ubaoni waruhusu, ila wanakili na safu ya matumizi pia. Kila anayenakili huwa anaishia kwenye mapato.

---

MzaziMafinga

Nimempigia yule mtoto wa kaka. Hana namba ya mwenyekiti wa mtaa. Nani humu anajua unaitafutaje ukiwa mbali?

---

BintiMakete

Baba, mwambie akienda dukani amwulize muuza duka. Muuza duka anaijua kila wakati. Na amwulize akiwa peke yake.